Homa Ikipanda Kichwani: Mwongozo wa Mzazi wa Mombasa Kuhusu Kuvimba kwa Ubongo kwa Watoto

Mtoto anayefikishwa hospitali na ubongo uliovimba mara nyingi hakutoka nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza duka la dawa, akapewa dawa ya malaria bila kupimwa. Usiku ukaingia, akakandwa maji. Alfajiri dege likampiga, akapelekwa kwa mzee wa mtaa kufukizwa. Ndipo jirani mmoja akasema, "Jamani, mpelekeni hospitali ya Makadara." Kila aliyemshika njiani alikuwa na nia njema, na kila mmoja alikula saa zake. Tatizo ni kwamba katika ugonjwa huu saa ndiyo dawa ya kwanza.

Hatua nyingi nilizoandika hapa ni za kabla mtoto hajaugua, kwa sababu huko ndiko mzazi ana nguvu zaidi. Zilizobaki ni za ule usiku wenyewe, na zile za baadaye ambazo watu husahau.

Hatua ya 1: Jua kinachouvimbisha ubongo

Ubongo wenyewe unaweza kuvimba, au ukavimba utando unaoufunika pamoja na uti wa mgongo. Hali ya kwanza madaktari huiita ensefalitisi. Ya pili ni meninjitisi, ambayo wengi wetu twaijua kama homa ya uti wa mgongo. Mara nyingine huja pamoja, na kwa mzazi aliye nyumbani kuzitenganisha hakuna faida: dalili zinafanana na pa kukimbilia ni pale pale.

Visababishi ni vingi. Kuna virusi: vya surua, rubela, matubwitubwi, tetekuwanga, herpesi, virusi vya tumboni vinavyoenezwa na mikono isiyooshwa, virusi vya kichaa cha mbwa, na mara chache vile vinavyobebwa na mbu kama dengi na chikungunya. Kuna bakteria: Hib, nyumokoki, meningokoki na wa kifua kikuu, na kwa watoto wachanga kuna wale wanaoingia wakati wa kuzaliwa au kupitia kitovu. Na wapo watoto wachache ambao hawana mdudu wowote kichwani, ila kinga ya mwili wao wenyewe hugeuka na kuushambulia ubongo, pengine wiki moja au mbili baada ya maambukizi ya kawaida. Hilo mzazi hawezi kulizuia, na asijilaumu likitokea.

Malaria nayo ina njia yake. Chembe za damu zenye vimelea huganda kwenye mishipa midogo ya ubongo na kuiziba, mtoto akapoteza fahamu. Kitaalamu ni ugonjwa mwingine, lakini hapa Pwani huwezi kuuacha nje ya mazungumzo haya: mtoto wa malaria kali na mtoto wa meninjitisi, ukiwalaza kitanda kimoja, hutawatambua kwa macho. Ndiyo maana kupima ni lazima.

Hatua ya 2: Kitoe kabatini kitabu cha kliniki

Kisome leo, mtoto akiwa mzima. Sehemu kubwa ya kinga ya ubongo imo ndani ya chanjo za kawaida zinazotolewa bure kwenye vituo vya serikali, ingawa wazazi wengi hawajui kwamba zina uhusiano wowote na ubongo.

Anza na BCG, ile ya mkono wa kushoto anayodungwa mtoto akizaliwa. Kazi yake kubwa kwa mtoto mdogo ni kumkinga na kifua kikuu kibaya zaidi, kikiwemo kile kinachopanda kwenye utando wa ubongo. Kisha tazama wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hapo kuna sindano mbili za kuangalia kwa makini. Moja ni pentavalenti, yenye kinga dhidi ya Hib ndani yake. Ya pili ndiyo watu huiita chanjo ya nimonia. Inazuia nimonia kweli, lakini bakteria huyo huyo wa nyumokoki ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya meninjitisi kwa watoto. Baadaye, miezi 9 na tena miezi 18, ni surua na rubela.

Kama kuna shemeji au jirani anayekuambia chanjo hazina kazi, mpeleke hapo Kilifi tu, asiende mbali. Kinga ya Hib iliingizwa kwenye chanjo za Kenya mwaka 2001. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa shirika la Wellcome Trust waliokuwa wakihesabu wagonjwa pale hospitali ya Kilifi walikuta ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa chini ya miaka 5 umeshuka kutoka takriban watoto 66 kwa kila 100,000 kwa mwaka hadi kama 8 ndani ya miaka michache. Chanjo ya nyumokoki ikaja mwaka 2011, na aina za bakteria zilizomo ndani ya chanjo hiyo zikapungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa umri huo. Hao ni watoto wa Pwani hii hii, wanaokula wali wa nazi kama wako.

Pengo kubwa ninaloliona kwenye vitabu ni lile la miezi 18. Mtoto ameshatembea, mama amerudi kazini au ana mimba nyingine, na kliniki imesahaulika. Dozi moja ya surua huacha watoto wengi kiasi bila kinga kamili, na surua huingia ubongoni kwa takriban mtoto 1 katika kila 1,000 wanaougua. Kuna pia uharibifu wa ubongo unaosababishwa na surua ambao hujitokeza miaka kadhaa baadaye, wakati mama ameshasahau kwamba mtoto aliwahi kuugua. Ni nadra, na hauna tiba.

Dozi ikikosekana, nenda hivyo hivyo. Nesi ataendelea pale ulipoachia, haanzi upya. Usikae nyumbani kwa kuogopa kugombezwa. Ukigombezwa, sikiliza, mwanao achomwe, urudi zako nyumbani.

Familia inayokwenda Hijja au Umra ina jambo la ziada. Saudia hudai chanjo ya meningokoki kwa mahujaji, na walikuwa na sababu: mwaka 2000 ugonjwa huo ulizuka kwenye Hijja na mahujaji wakarudi nao makwao katika nchi nyingi. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na mtoto anayesafiri naye chanjo yake iulizwe mapema, isikumbukwe uwanja wa ndege wa Moi siku ya kuondoka.

Hatua ya 3: Linda mtoto mchanga mpaka arobaini itoke

Mombasa mtoto akizaliwa, nyumba hujaa. Wageni huja na khanga, na sabuni, na mdomo wa kumbusu mtoto. Kirusi cha herpesi, kile kinachotoa malengelenge kwenye pembe ya mdomo, kwa mtu mzima ni kero ya wiki moja. Kwa mtoto wa siku chache kinaweza kuingia mwilini na kufika ubongoni. Mwenye malengelenge mdomoni ambayo hayajakauka kabisa hambusu mtoto, hata awe ni nyanya yake mzaa mama. Mama mwenyewe akiwa nayo, avae barakoa, aoshe mikono, na aendelee kunyonyesha maadamu hana kidonda kwenye titi.

Kulisema hilo mbele ya watu ni kazi. Njia rahisi ni kumtanguliza daktari: "Shangazi, samahani, daktari ametukataza mtoto asibusiwe mpaka arobaini." Daktari hulaumiwa kwa mengi, na hili atalibeba.

Mama mjamzito mwenye vidonda vya sehemu za siri, au aliyewahi kuwa navyo, amwambie mkunga kabla ya siku za kujifungua. Aibu ya dakika mbili ndani ya chumba cha kliniki ni ndogo.

Kitovu kiachwe kikavu. Majivu, mate, mafuta ya nazi, wanja, kinyesi cha ng'ombe: vyote hivyo vimepakwa kwenye vitovu vya Pwani kwa miaka, na vyote vinaweza kumpa bakteria njia ya kwenda kwenye damu na kutoka hapo kwenye utando wa ubongo. Kituo kikikupa jeli ya klorheksidini, ipake kama ulivyoelekezwa. Kitovu kikitoa usaha, au ngozi ya pembeni ikawa nyekundu na kuvimba, mtoto apelekwe siku hiyo hiyo.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi haangaliwi nyumbani hata kidogo. Vile vile yule aliyekuwa akinyonya vizuri kisha akaacha, au aliyepoa mwili isivyo kawaida. Kwa mchanga, homa si lazima iwepo.

Hatua ya 4: Dramu la maji, na neti ya likizo

Maji ya Mombasa ni ya mgao. Mfereji ukitoka, kila chombo hujazwa: madramu, ndoo, mitungi ya lita 20, na ukikauka tunanunua ya mkokoteni tukayajaza humo humo. Mbu anayebeba dengi na chikungunya, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huo ndio mji wake. Hana haja na mtaro mchafu. Anataka maji safi yaliyotulia, tena ya ndani ya nyumba, na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kuelekea magharibi. Dengi iliuchachamaza mji huu mwaka 2013, na chikungunya ikaja mwishoni mwa 2017 kuingia 2018. Wengi walioumwa walipata homa na maumivu ya viungo kisha wakapona. Ila virusi hivyo hufika ubongoni kwa watu wachache, na watoto wachanga wako kwenye hatari zaidi.

Chagua siku moja kwa wiki. Maji yaliyobaki kwenye dramu yahamishie ndoo, kisha ingiza mkono na brashi ya kufulia usugue kuta za ndani kwa sabuni, zaidi pale penye mstari wa utelezi ambapo maji huishia. Mbu hutaga pale, juu kidogo ya maji, na mayai hugandamana na ukuta. Ukimwaga maji peke yake hujafanya kitu: yai lililokauka hukaa miezi likisubiri maji yarudi. Kwa joto la hapa kwetu, yai likishapata maji huwa mbu kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi kidogo, ndiyo maana nasema kila wiki, si kila mwezi. Ukimaliza, funika kwa kifuniko kinachobana, au kitambaa chepesi kilichovutwa na kufungwa kwa kamba ya mpira. Ubao uliowekwa juu hivi hivi una nafasi ya mbu kupita.

Zunguka nje pia. Vifuu vya nazi vilivyotupwa nyuma ya jiko, magurudumu ya zamani, kopo la rangi, sahani ya chini ya chungu cha maua, na ile trei ya maji nyuma ya friji ambayo hakuna anayeikumbuka.

Mbu wa malaria yeye ni wa usiku, na dawa yake ni neti iliyotiwa dawa, imechomekwa chini ya godoro pande zote. Watoto wengi wa Kisauni na Changamwe hawaugui malaria sana mjini, lakini shule zikifungwa wanapelekwa Kwale au Kilifi kwa nyanya, ambako mbu ni wengi zaidi. Neti iende nao ndani ya begi. Wakirudi, homa yoyote ndani ya wiki chache za mwanzo ipimwe malaria siku hiyo, na umwambie mhudumu kwamba mtoto alisafiri, kwa sababu hatalijua hilo kwa kumwangalia. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa mwaka 2019 katika kaunti za magharibi mwa Kenya. Kwa mtoto wa Mombasa, tegemeo ni neti na kupima mapema.

Hatua ya 5: Akiumwa na mbwa au paka

Kichaa cha mbwa ni kuvimba kwa ubongo kunakozuilika kabisa kabla dalili hazijaanza, na kusikoponyeka zikishaanza. Karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, lakini paka naye hupata, na mitaa yetu ina paka wengi kuliko mbwa. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, na mara nyingi hawasemi, kwa sababu walikuwa wakimchokoza.

Kwa hiyo kwanza, mwambie mtoto kwamba akisema hatapigwa. Kisha kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, na mtoto atalia. Sabuni ya mche inatosha. Usipake pilipili, mafuta ya taa, tumbaku wala kahawa, na kidonda kisifunikwe kwa kubanwa. Mkwaruzo ulioacha damu kidogo ni kidonda vile vile.

Halafu hospitali, siku hiyo hiyo, kwa chanjo. Msingoje kuona kama mbwa atakufa. Anaweza kuchunguzwa kwa siku 10 wakati mtoto ameshaanza sindano. Chanjo ni ya dozi kadhaa kwa tarehe maalumu, na baadhi ya vidonda, hasa vya kichwani, usoni na mikononi, huhitaji sindano ya ziada kwenye kidonda chenyewe. Mtoto akionekana mzima baada ya dozi ya pili, wazazi hupumzika. Msipumzike, malizeni.

Hatua ya 6: Milango midogo

Sikio linalotoa usaha wiki baada ya wiki lina ukuta mwembamba kati yake na ubongo. Likaushwe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, lipelekwe kliniki, na lisitiwe mafuta ya moto wala maziwa ya mama. Mtu mzima anayekohoa zaidi ya wiki mbili kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga apimwe kifua kikuu, na mtoto wa chini ya miaka 5 anayelala naye chumba kimoja aulizwie dawa ya kinga. Meninjitisi ya kifua kikuu haiji kwa kishindo: mtoto huanza kununa, kukonda, kulala sana, kulalamika kichwa, na yote hayo huchukua siku nyingi kabla shingo haijakakamaa.

Mtoto wa selimundu (sikoseli), ugonjwa tulio nao sana Pwani, hushambuliwa kirahisi na nyumokoki. Dawa yake ya penisilini ya kila siku isikatwe. Mtoto anayeishi na virusi vya ukimwi naye vivyo hivyo na dawa zake. Na aspirini mtoto mwenye homa hapewi, kwa sababu ikikutana na mafua au tetekuwanga inaweza kuudhuru ubongo na ini. Homa ishushwe kwa parasetamoli, kwa kipimo cha uzani wake.

Hatua ya 7: Mtazame hivi

Homa peke yake haikuambii kitu; kila mtoto hupata homa. Kinachokuambia ni tabia yake. Mpe parasetamoli, ngoja homa ishuke kidogo, kisha mwangalie. Mtoto mwenye homa ya kawaida, ikishuka, hukutazama, huomba maji, hata hucheza kidogo. Yule ambaye ubongo umeguswa hubaki vile vile: macho yapo lakini hakutazami, unamwita haitiki, au anasema maneno yasiyo na mpangilio. Mama mara nyingi husema, "Huyu si mtoto wangu nimjuaye." Nikisikia neno hilo mimi huacha ninachofanya.

Kwa mtoto mkubwa, mwambie atazame kitovu chake, au abusu goti lake akiwa amekaa. Akishindwa kuinamisha kichwa kwa maumivu, hiyo ni dalili. Mwangaza kumuumiza macho ni dalili nyingine, pamoja na kichwa kikali na kutapika.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja shingo inaweza kuwa laini kabisa na bado ana meninjitisi, kwa hiyo usiitegemee. Mkalishe wima, atulie asiwe analia, upitishe vidole juu ya utosi. Utosi wa kawaida uko sawa na mfupa au umeingia kidogo. Ukiwa umeinuka na kukaza, amka uende. Sikiliza pia kilio: chembamba, cha juu, kisichotulizika, na kinachozidi ukimbeba badala ya kupungua.

Madoa ya zambarau au mekundu yasiyopotea ukiyabonyeza ni ya hatari kubwa. Kwenye ngozi nyeusi hufichika, hivyo tazama viganja, nyayo, ndani ya kope na kaakaa la mdomo.

Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepigwa na dege, aliyelegea au kuzimia, aliyelegea mkono au mguu wa upande mmoja: yeyote kati ya hao haendi duka la dawa. Hata saa nane za usiku.

Hatua ya 8: Dege likimpiga

Wazee wetu husema ni ndege aliyepita juu ya mtoto. Wamijikenda humwita nyuni. Sina ugomvi na wazee. Nina ugomvi na agizo linalofuatana na imani hiyo, kwamba mtoto wa dege akidungwa sindano atakufa, maana ndilo linalomweka mtoto nyumbani wakati anapohitaji sindano kuliko kitu chochote. Kama familia inataka dua, asomewe ndani ya tuktuk mkiwa njiani.

Mtoto akianza kutetemeka, mlaze ubavu sakafuni, mbali na jiko na kona ya meza. Mtazame saa. Legeza nguo za shingoni. Mate na matapishi yaachie yatoke yenyewe. Kijiko kisiingie mdomoni, wala kidole, wala maji, wala dawa. Asifukizwe moshi, asinuswishwe mafuta ya taa, asichovywe kwenye beseni la maji baridi. Likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, mbebeni akiwa bado ubavu na muondoke. Likiisha mapema, mpelekeni pia. Wapo watoto ambao homa tu huwaletea dege na hawadhuriki, lakini uamuzi huo ni wa aliyempima damu na kumchunguza shingo, si wa barazani.

Hatua ya 9: Njia ya hospitali ijulikane kabla

Aliye Likoni usiku asianze kwa kupanga foleni ya feri. Hospitali ya Likoni iko upande wako. Aanzie hapo, apewe dozi ya kwanza, na akihitaji kuvuka avuke na ambulansi. Wa Changamwe na Miritini wana Port Reitz, wa kisiwani wana Tudor na Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuiitayo Makadara, ambayo ndiyo ya rufaa kwa Pwani nzima. Namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, umalizwe sasa hivi kwa *147#, na watoto waongezwe kwenye jina lako, kwa sababu kuhangaika na simu kaunta ya hospitali huku mtoto amelala begani ni adhabu usiyostahili.

Beba kitabu cha kliniki na kila dawa aliyopewa, hata kipakiti kitupu. Kama alishaanza antibiotiki za dukani, sema bila kuona haya: dozi hizo huweza kuficha bakteria kwenye vipimo bila kumponya, na daktari asiyejua atasoma majibu vibaya.

Hatua ya 10: Wakitaka kumtoa maji ya mgongo

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Baba hupiga simu kwa ndugu zake, ndugu husema yule wa fulani alitolewa maji akafa, na karatasi ya ridhaa inabaki bila sahihi. Kinachofanyika ni hiki. Mtoto hulazwa ubavu amejikunja, nesi akimshika. Mgongo husafishwa, sindano nyembamba huingizwa chini kabisa, kati ya mifupa ya kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha na kuna maji na nyuzi za neva tu. Hutolewa matone machache kwenye vichupa, na mwili hutengeneza mengine. Maji masafi kama ya mfereji ni dalili njema. Yakiwa na ukungu, dawa huanza hapo hapo. Wengi wa waliokufa baada ya kipimo walikuwa wameletwa na ugonjwa uliokwisha kukomaa. Mtoto aliyezimia kabisa au anayepumua vibaya, daktari anaweza kuahirisha kipimo na kuanza matibabu kwanza. Hilo pia ni sawa.

Uliza maswali mawili kwa adabu. "Daktari, sukari yake ya damu imepimwa?" Sukari ikishuka huua ubongo haraka kuliko homa, na hurekebishwa kwa dakika chache. La pili, kama malaria imeonekana: "Na meninjitisi imeangaliwa?" Pwani mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na ugonjwa unaomzimisha ukawa ni mwingine, hivyo kipimo cha malaria kikisema ndiyo, kazi ya kutafuta haijaisha.

Kwa bakteria atapewa antibiotiki za mshipani kwa siku kadhaa, kwa malaria kali sindano ya artesuneti, na herpesi ikishukiwa, asiklovia. Akipata nafuu siku ya tatu usimtoe wodini kwa kuogopa bili. Kama ni meningokoki, mlio naye nyumba moja nyote mtapewa dawa ya kinga. Wapelekeni watoto wengine.

Hatua ya 11: Akirudi nyumbani

Meninjitisi ya bakteria huharibu masikio mara nyingi kuliko kiungo kingine, na mtoto mdogo hawezi kukuambia kwamba hasikii. Ataitwa mkaidi, atachapwa shuleni. Omba apimwe usikivu kabla ya kuruhusiwa au ndani ya wiki nne, hata kama anaonekana kusikia, kwa sababu sikio moja likifa jingine hulifichia siri.

Angalia kama amepoteza alichokuwa anakijua: aliyekuwa akitembea sasa anatambaa, aliyekuwa akisema "mama" amenyamaza, mkono mmoja haushiki. Mazoezi ya viungo yaanze mapema, na mengi yake utafundishwa uyafanye mwenyewe kwenye mkeka. Degedege likiendelea baada ya miezi kadhaa, bila homa, hicho ni kifafa, kina vidonge vyake, na vidonge hivyo havikatwi ghafla hata kikiwa kimetulia. Kwa aliye karibu na umri wa shule, kila kaunti ina kituo cha elimu cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Nenda na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, ile yenye jina la ugonjwa na tarehe. Ipige picha kwenye simu kabla haijaliwa na panya au kupotea kwenye kuhama nyumba, maana utaombwa karatasi hiyo tena na tena.